Simu Niliyokataa Kuishika

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili na diploma yake ya mambo ya samaki, akiandika barua za kuomba kazi, ndipo siku moja akaitwa kwenye mahojiano. Aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja umejaa unga wa ugali. Aliusoma mara tatu kabla ya kunipigia kelele. Kampuni moja inayonunua omena, dagaa wetu wa ziwani, katika fuo za upande wa Kisegi ilikuwa inatafuta mkaguzi wa ubora. Mahojiano yangefanywa kwa video, Jumanne saa nne asubuhi. Mshahara haukutajwa, lakini ungekuwa mshahara, na nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa halijawahi kutumiwa na mtu anayezungumza juu yake mwenyewe.

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine nikiwa darasa la saba, nikaacha shule, nikaanza kuuza omena sokoni Ndhiwa. Mpaka leo nauza. Walionifuata ni wawili: ndugu yangu, ambaye sasa ana duka la saiba, la intaneti na uchapishaji, Homa Bay, na huyu msichana, ambaye siku zile nilikuwa nikienda naye sokoni nimembeba mgongoni. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nyumba ile ilikuwa na vicheko vingi kuliko nyumba nyingi zilizokuwa na baba na mama.

Walisoma, na mimi nikasoma kwa kuwashikia vitabu. Niliwauliza maswali yaliyo mwisho wa sura, na kwa kuwa mara nyingi mimi mwenyewe sikulijua jibu, nilijifunza kutazama uso. Mtoto anayelijua jibu hutazama mbali kidogo, kama anayekumbuka alikoweka kijiko. Asiyelijua hukutazama wewe. Kwa njia hiyo nilisahihisha hesabu za darasa la nane, na baadaye za kidato cha nne, na sikumbuki kukosea sana.

Jumapili iliyotangulia mahojiano, baada ya kanisa, ndugu yangu alifika kutoka Homa Bay na kompyuta kwenye mkoba. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta nyama.

"Kazi tumepata," alisema hata kabla ya kuketi.

"Nani amekupa?" nikamuuliza.

"Nyaminwa, tulia." Hivyo ndivyo wanavyoniita, dada yetu. Nyumbani tunaongea Dholuo, na hapa nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili. "Kuna programu ya akili bandia. Inasikiliza swali, inaandika jibu. Kabla yule bosi hajafunga mdomo, jibu liko hapo. Siku hizi kila mtu anaitumia."

Alikuwa amepanga kila kitu. Programu ingekuwa kwenye simu yake, si kwenye kompyuta, ili wale watu wasione kitu. Lakini simu isingeweza kuwekwa mezani, kwa sababu macho ya mdogo wetu yangeinama. Ilitakiwa ishikwe juu kidogo ya kamera, nyuma ya kompyuta, bila kutikisika, kwa muda wa nusu saa. Hapo wote wawili wakanitazama.

"Mikono yako haitetemeki," alisema. "Umepima omena kwa kopo la gorogoro miaka ishirini."

Nilicheka, nikaichukua ile simu. Lazima niseme hivyo waziwazi, kwa sababu baadaye ndugu yangu alinikumbusha mara nyingi. Niliichukua. Mtoto niliyemlea alikuwa amesikia "tutakupigia" mara nyingi hadi akaanza kulitamka neno hilo kwa dharau, na kama mtu angeniambia nisimame na ndoo kichwani ili apate kazi, ningesimama.

Tukafanya mazoezi. Nilisimama nyuma ya kompyuta, mikono juu, nikasoma maswali ambayo ndugu yangu alikuwa ameyaandika kwenye karatasi. Tueleze kuhusu wewe mwenyewe. Kwa nini unaitaka kazi hii? Mdogo wangu alijibu bila kusitasita. Alisema yeye ni mtu mwenye shauku ya ubora, anayethamini uadilifu na ushirikiano wa kimkakati. Nilijivuna hadi nikasahau mabega yanavyouma. Niliwaza, kumbe diploma ni kitu kizito namna hii.

Lakini nilikuwa namtazama usoni, maana ndiko nilikozoea kutazama. Hakuwa anatazama mbali, wala hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetazama watu wakipita barabarani.

Maswali ya karatasi yakaisha, nikaongeza langu. "Tuambie, omena inatayarishwaje kabla ya kuanikwa?"

Alijibu kwa sauti ileile nzuri. "Kwanza, ondoa magamba na matumbo ya kila samaki kwa kutumia kisu safi. Pili, kata minofu miwili iliyo sawa. Tatu, panga minofu hiyo..."

Nikaishusha simu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nayo, omena ni samaki ambaye hata akiwa mkubwa hafikii urefu wa kidole changu cha kati. Hana tumbo ambalo mtu mwenye akili timamu angelifungua. Anavuliwa, anaanikwa juani juu ya wavu, anageuzwa, anakauka. Gorogoro moja ina samaki ambao sijawahi kuwahesabu na sijawahi kumsikia mtu aliyewahesabu.

"Minofu miwili," nilisema.

"Iliyo sawa," akasema ndugu yangu.

Tulicheka hadi jirani akaita kutoka kwake akiuliza kuna nini. Ndugu yangu alijaribu kuitetea mashine yake, akasema labda ilidhani tunaongea juu ya mbuta, yule samaki mkubwa. Nikamwambia basi aje Jumatatu sokoni na kisu safi, tuanze gorogoro ya kwanza, tutamaliza Krismasi. Mdogo wetu alicheka kuliko sote, amelaza kichwa mezani, mabega yanaruka. Kisha akainua kichwa, akajifuta macho.

"Nimeisoma yote," alisema. "Mimi! Nimeisoma kama mtu ambaye hajawahi kuona omena."

"Tutairekebisha," ndugu yangu akasema haraka. "Tutaiandikia kwamba omena ni ndogo."

Hapo ndipo nilipoiweka simu mezani na kusema kwamba Jumanne sitaishika.

Walidhani nafanya mzaha. Nilipoisukuma simu upande wa ndugu yangu wakajua sifanyi.

"Nyaminwa, yawa," ndugu yangu alilalamika. "Kwa swali moja tu la omena?"

"Hapana. Hata kama ingejibu vizuri. Hiyo ni mwakenya."

Kila aliyesoma Kenya anakijua kile kikaratasi kidogo cha majibu ambacho mwanafunzi hukificha kwenye soksi siku ya mtihani. Katika miaka yote niliyowalea, jambo moja tu nililowaapia ni kwamba atakayekamatwa na mwakenya asirudi nyumbani kabla sijalala, kwa usalama wake.

"Si mwakenya," mdogo wangu alisema polepole. Hakuwa anacheka tena. "Hao wenyewe hawakuisoma barua yangu. Mashine ndiyo iliyosoma. Barua zangu zote za miaka miwili zimesomwa na mashine, ikatupa hii, ikatupa ile. Kwa nini wao waruhusiwe, mimi nikatazwe?"

Lilikuwa swali zuri, na niliona kwa uso wake kwamba lilikuwa lake, halikutoka kwenye simu. Nilikwenda nje nikageuza nguo kwenye kamba, nguo ambazo hazikuhitaji kugeuzwa, nikarudi.

"Sijui kuhusu mashine yao," nilimwambia. "Huenda wanakosea, na ukipata nafasi waulize. Lakini wewe unaomba kazi ya ukaguzi. Utakwenda ufuoni, utafungua gunia la mama fulani, utamwambia, mama, umechanganya mchanga, sinunui. Atakulilia. Utamwangalia kwa macho gani? Na hiyo omena itasagwa kwenye unga wa uji, itanywewa na watoto wa watu. Wanataka mtu ambaye akisema ni safi, ni safi. Na kuna msichana mwingine mahali fulani, pengine Migori, pengine Mbita, naye amekaa nyumbani miaka miwili, naye anasubiri Jumanne. Kama anajua kuliko wewe, basi anajua."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa, utakula hapa kama unavyokula."

"Na kama yeye atatumia mashine?"

"Basi atapasua omena."

Alitaka kucheka, akajizuia. Sikumkataza kutumia ile programu. Alikuwa mtu mzima na mahojiano yalikuwa yake. Nilisema tu kwamba mikono yangu haitahusika. Ndugu yangu alikunja kompyuta akinung'unika kwamba atatengeneza kishikio cha waya, kwani waya hauna dhamiri.

Jumatatu sokoni sikuwa na amani. Mwanamke mmoja aliniambia, "Leo unapima kama mtu anayechumbiwa," maana nilimjazia gorogoro mara mbili kwa bei ya moja. Nilikuwa najiuliza kama nimemharibia mtoto. Ni rahisi kusimama imara wakati tumbo lililo hatarini si lako.

Jumanne tulikuwa Homa Bay mapema. Nyuma ya duka la ndugu yangu kuna chumba kidogo kilichotengwa kwa plaiwudi, mahali anapopigia watu picha za pasipoti. Mtandao wake ni mzuri. Alikuwa kweli amekitengeneza kishikio, waya uliopindwa na kufungwa juu ya kompyuta, kimekaa vizuri kabisa kama pembe ya ng'ombe. Mdogo wangu, katika blauzi niliyoipiga pasi mara mbili, aliingia akafunga mlango bila kutuambia atafanya nini. Sisi tulibaki upande huu, masikio kwenye plaiwudi.

Walikuwa wawili upande wa pili, mwanamume na mwanamke, wakichanganya Kiingereza na Kiswahili. Swali la kwanza likaja. Kisha sauti ya mdogo wetu, "Eeh... naweza kusema hivi..." na jibu lililopinda, likarudi nyuma, likajirekebisha.

Ndugu yangu alishika kichwa. "Haitumii!" alininong'oneza. "Ona anavyokwama!"

"Sasa anatumia nini?"

"Kichwa!" alisema, kwa hofu ya kweli, kama mtu aliyeona paa linashika moto. Kisha akapapasa mfuko wa shati lake, akaikuta simu yake humo. Mdogo wetu alikuwa amemrudishia asubuhi ile, yeye akiwa anahudumia mteja, naye akaipokea bila kufikiri.

Mdogo wetu alikwama mara mbili tatu. Lakini walipofika kwenye unyevu, mchanga, na jinsi ya kuanika wakati wa mawingu, sauti yake ilinyooka. Nilijua, ingawa sikumwona, kwamba alikuwa anatazama mbali kidogo.

Kisha yule mwanamke akasema, "Tuambie kosa moja kubwa ulilowahi kufanya kazini, na ulivyolishughulikia."

"Sijawahi kuajiriwa," mdogo wangu akajibu. "Lakini kosa ninalo."

Akasimulia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Dada yake alikuwa amemwachia omena iliyoanikwa nyuma ya nyumba, mabeseni saba, akaenda mazishini. Yeye akaenda kwa jirani kutazama televisheni. Mvua ikanyesha. Aliporudi, omena ya wavu mmoja, beseni moja hivi, ilikuwa imelowa kabisa, zile nyingine zilikuwa chini ya turubai, kavu. Badala ya kuitenga iliyolowa, aliichanganya kidogo kidogo na kavu ili isionekane. Baada ya siku mbili yote ilikuwa imeota ukungu. "Ningeitenga, tungepoteza beseni moja," alisema. "Kwa kuificha, nilipoteza saba. Na dada yangu aliponiuliza, nilimwambia ng'ombe wa jirani alinifukuza, nikashindwa kuiangalia."

Wasomaji, ng'ombe yule nilimwendea. Nilisimama langoni kwa mwenye ng'ombe nikamweleza juu ya ng'ombe wake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kwa mwaka mzima yule mama na mimi hatukusalimiana, hata kanisani.

"Kumbe ng'ombe hakuwepo!" nilipiga kelele.

Plaiwudi si ukuta. Nikasikia sauti ya mwanamume, baridi. "Samahani. Kuna mtu anakusaidia hapo?"

"Hapana, bwana. Ni..."

"Tafadhali geuza kompyuta. Tuonyeshe chumba chote."

Mtoto aliingia bila kitu, na mimi ndiye nimemfanya aonekane mwizi. Nilifungua mlango nikitaka kueleza, na kamera ikanikuta hapo hapo, kitambaa kichwani, mkono mdomoni.

"Na huo waya juu ya kiti ni wa nini?" mwanamume aliuliza.

Mdogo wangu alikuwa amekifungua kishikio na kukiweka kando. Angeweza kusema ni antena. Katika chumba kile chochote kingeweza kuwa antena.

"Ni wa kushikia simu ya majibu," alisema. "Ndugu yangu aliutengeneza. Tulipanga nitumie akili bandia, na Jumapili tulifanya mazoezi nayo. Simu nimemrudishia, iko hapo nje. Naye yuko hapo nje." Ndugu yangu alianza kuchapisha karatasi tupu kwa bidii kubwa. "Ilituambia omena itolewe magamba na matumbo, kisha ikatwe minofu miwili."

"Minofu?" mwanamke aliuliza.

"Miwili, mama. Iliyo sawa."

Nilisikia kitu kama kikohozi, kisha nikajua si kikohozi. Yule mwanamke alikuwa anacheka, na akicheka alikuwa na cheko la kwetu kabisa, la mtu aliyewahi kukaa karibu na omena. Mwanamume alijaribu kubaki na uso wake.

"Na barua yako ya maombi?"

"Niliandika mwenyewe, mashine ikaninyooshea Kiingereza. Ilinyoosha tu, mambo yaliyomo ni yangu. Nami naomba kuuliza, bwana. Barua zetu husomwa na mtu?"

Nikafumba macho. Si sasa, nilimwomba kimoyomoyo, si sasa.

"Mashine huchuja kwanza," mwanamke akajibu. "Kisha sisi tunazisoma zilizobaki. Ni swali halali. Sijui kama tunafanya vizuri." Kisha akaniita. "Na wewe mama uliye mlangoni, ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye omena iliyoharibika."

"Na ng'ombe?"

"Habari za ng'ombe nimezipata leo, kama ninyi."

Hapo hata yule mwanamume alishindwa kujizuia. Akaniomba kwa heshima nifunge mlango niende mbali na ukuta, nami nikaenda hadi upande wa pili wa barabara, nikasimama kwenye jua hadi mdogo wangu alipotoka. Blauzi ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho.

"Nimekosa," alisema. "Nimewaambia kila kitu. Hata wangeniuliza dhambi za shule ya msingi ningewaambia."

"Umewaambia hizo pia," nikasema, nikamfinya sikio kwa ajili ya ng'ombe, taratibu, miaka kumi na kitu baadaye. Tukaenda watatu tukala samaki. Ndugu yangu alisema kama kuna kazi ya kukiri makosa, dada yake ameipata. Hatukuwa na huzuni. Sijui kwa nini. Ilikuwa kama siku ya harusi ambapo mvua imewanyeshea wageni wote na hakuna tena wa kujali viatu.

Wiki ile nilimwendea mwenye ng'ombe kuomba msamaha. Sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema yeye alikuwa amesahau, lakini ng'ombe alikuwa wa heshima sana na aliuzwa bila jina lake kusafishwa. Akanipa mayai sita.

Simu ililia Alhamisi ya wiki iliyofuata, nikiwa sokoni. Ilikuwa saa ambayo kila mtu ananunua, kelele tupu. Nilimsikia mdogo wangu akisema neno, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena, si kwa sababu sikusikia. Miezi sita ya majaribio, Kisegi, kuanzia mwezi ujao. Wakimridhia, wanamthibitisha. Yule mwanamke ndiye aliyempigia, akamwambia jambo moja: wao wanaweza kumfundisha mtu kutumia vipimo, lakini hawajui jinsi ya kumfundisha kusema ule waya ni wa nini.

Nilikaa chini juu ya gunia. Gorogoro ilikuwa imenidondoka na omena imesambaa hadi kwenye viatu vya mteja. Jirani yangu wa kibandani, mama auzaye ndizi, alikuja mbio.

"Ni nini? Ni msiba?"

"Ni mdogo wangu. Amepata!"

"Mume?"

"Kazi!"

Aliokota gorogoro, akanirudishia, akilifikiria hilo.

"Afadhali," akasema, kisha akaweka mkono mdomoni na kuanza vigelegele, na soko lote likamfuata bila kujua ni kwa ajili ya nini.